Mimea Iliyokula Usubi

Baba yangu alikuwa mpagazi wa mlimani kwa miaka mingi, lakini hakuumia mlimani. Alianguka kutoka kwenye mti wa kivuli katika kihamba chake mwenyewe, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kule Marangu, alipokuwa akipunguza matawi ili kahawa ipate jua. Yeye mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo. "Nimebeba mizigo ya Wazungu mpaka kwenye theluji," aliwaambia waliokuja kumjulia hali, "nikaja kushindwa na mti nilioupanda kwa mkono wangu."

Tangu siku ile miguu yake haikufanya kazi tena. Mikono ilibaki na nguvu kidogo tu. Aliweza kuikunja juu ya tumbo na kushika fimbo, lakini haikupanda kupita kifua. Mpaka nilipomwona katika hali ile sikuwahi kufikiri ni mara ngapi kwa siku mtu hupeleka mkono usoni. Baba hakuweza kujikuna pua wala kujifuta jasho, na kibaya kuliko vyote, hakuweza kujifukuzia usubi.

Na nyumba yetu ilikuwa na usubi. Wenzetu wengi wa kanisani walikuwa wameshajenga nyumba za pembe nne zenye mabati, lakini sisi bado tuliishi katika msonge wa nyasi, moto katikati, binadamu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Ng'ombe wetu hawakupelekwa malishoni. Waliletewa nyasi na vipande vya migomba humo humo ndani, wakalalia majani makavu ya migomba, na yale majani yakilowa yalizaa vidudu vyeusi vidogo kuliko punje ya ulezi. Havikuuma kama mbu. Vilitafuta unyevu, vikatua kwenye pembe za macho na za mdomo, ukivifukuza vinarudi. Kwa mtu mzima mwenye mikono yake ni kero ndogo. Kwa baba ilikuwa adhabu ya kutwa nzima, na macho yake yalianza kuvimba na kutoa usaha.

Kwa hiyo mama alikaa kando ya kitanda akampepea kwa jani la mgomba. Dada zangu walikuwa wameolewa mbali, upande wa Mkuu, nami nilikuwa shule ya sekondari. Hapakuwa na mwingine. Alipokuwa akimpepea baba, kahawa ilikuwa ikiiva na kudondoka, na ng'ombe walikuwa wakilia kwa kukosa nyasi. Alipokwenda kuchuma, baba alilala amefumba macho na midomo ameibana. Kilichomuumiza baba zaidi ya usubi ni kule kupepewa. Alisema, "Napepewa kama uji wa mtoto." Watu walicheka. Mama hakucheka.

Ni baba aliyeikumbuka ile mimea. Juu ya msitu, alisema, pale wapagazi walipozoea kutua mizigo, kuna uwanda wenye majimaji, na humo huota mmea mdogo mwekundu, mdogo kuliko kiganja, wenye umande usiokauka hata jua likiwa utosini. Alipokuwa akipumzika aliwaona wadudu wakinasa katika umande huo, kisha jani likajikunja polepole, kama mtoto anavyofumba kiganja juu ya panzi. Alilisimulia kama hadithi ya kupitisha mchana. Alikuwa na hadithi nyingi za mlimani.

Kesho yake alfajiri mama alitoka na wanawake waliokwenda kukata nyasi pembeni mwa msitu. Mmoja wao alinisimulia baadaye. Walipofika mahali pao pa kila siku wakaanza kukata, na mama akapita. Wakamwita, "Mama, nyasi ziko huku!" Naye akajibu bila kugeuka, "Za huko juu ni ndefu zaidi." Walidhani anatania. Njia ile ya juu ilikuwa ya wanaume, wapagazi na wageni wao, na msituni mlikuwa na nyati. Mama yangu aliipita peke yake, na mundu mkononi, kwa kufuata maneno ya mtu aliyelala kitandani: pita mto wa pili, shika kushoto kwenye mti uliopigwa na radi, miti ikianza kuwa mifupi usiogope, umekaribia.

Alirudi jua likizama, matope mpaka magotini, kapu kichwani. Akalitua mbele ya kitanda, akafunua, akamwuliza baba, "Ni hawa?"

Baba akatazama. "Ndio wenyewe," akasema, na tangu hapo akawaita wawindaji wake.

Nikikumbuka yaliyofuata najiuliza mama angekuwa nani kama angepelekwa shule badala yangu. Hakuna mtu aliyejua namna ya kuitunza mimea ile. Wa kwanza walikufa. Alipanda tena mlimani akaleta wengine, na safari hii akaleta na udongo wao, ule mweusi wenye majani laini yanayoshika maji. Aliwapanda katika vyungu vilivyopasuka, akavisimamisha ndani ya beseni la maji. Maji yenyewe hayakuwa ya mfongo, ule mfereji uletao maji ya mlimani mashambani. Mfongo wetu ulipita vihamba vya watu wengi kabla ya kufika kwetu, ukaokota samadi na majivu ya kila nyumba. Alitega mtungi mahali peupe, mbali na paa, akakinga mvua. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kama anayesema jambo ambalo hata mbuzi analijua: "Kule nilikowatoa hakuna mfongo wala ng'ombe. Wanakunywa mvua na ukungu."

Kisha akaona wanafifia kwa kukosa mwanga, kwa kuwa msonge hauna dirisha. Akachukua panga, akatoboa ukuta wa nyasi upande wa kitanda cha baba, akatengeneza tundu la kutosha vyungu sita. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuja mbio aliposikia.

"Shemeji! Umeitoboa nyumba ya wazee kwa ajili ya magugu?"

"Nimeitoboa kwa ajili ya mwenye nyumba."

"Na mvua ikiingia?"

"Itawanywesha. Nitapunguziwa kazi."

Baba mdogo alimgeukia kaka yake apate kuungwa mkono. Baba akasema, "Mimi usinitazame. Sasa naona nje." Na kweli, tangu aanguke ilikuwa mara yake ya kwanza kuona migomba bila kubebwa.

Lile tundu ndilo lililofanya kazi kubwa. Usubi hupenda mwanga, ukaacha macho ya baba ukaelekea dirishani, na pale dirishani wawindaji walikuwa wakingoja, kila jani limejaa vinywele vyekundu na kila kinywele tone lake. Siwezi kusema usubi uliisha. Ulipungua kiasi cha baba kuweza kulala mchana macho wazi, na macho yake yakapona. Mama aliweza kwenda kuchuma kahawa kuanzia asubuhi mpaka saa ya chakula. Wageni wakija, baba aliwaonyesha kwa kidevu. "Mtazame yule wa tatu. Kamshika mmoja tangu jana, bado anamtafuna. Ana adabu, hali haraka haraka kama nyie."

Nilipokuja likizo nilicheka. Lakini nilipokaa saa nzima kando ya baba nikitazama jani moja likijikunja, sikucheka tena. Ningeishia hapo ingekuwa heri.

Nilimaliza shule, nikapata ukarani katika ofisi moja mjini Moshi. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, na karani aliyevaa soksi ndefu alijiona mtu. Mwezi wa nane nilipanda nyumbani kwa siku mbili. Nikaona vyungu vimepasuka, udongo mweusi kama wa dimbwi, mimea midogo na mingine ina majani yaliyokauka chini. Niliona aibu. Nilikuwa nimewasimulia makarani wenzangu habari zake, na wawili walikuwa wameomba kuja kuona.

Mchagga akikipenda kitu hukipa samadi. Migomba tunaipa samadi, kahawa tunaipa samadi, na mgeni aliyenunua kihamba kibovu tunampa samadi ya kuanzia. Na shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba mmea mdogo wenye majani makavu umekosa chakula. Nyumbani na shuleni walisema jambo moja, nami sikuona sababu ya kumwuliza mtu wa tatu. Mama akiwa shambani, nilichukua vyungu vitatu nikaviwekea samadi iliyooza, majivu kidogo juu, na kopo la maji ya mfongo.

Mama aliporudi akaona. Akainusa mikono yangu kwanza, halafu vyungu.

"Umewapa ya ng'ombe?"

"Wana njaa, mama. Tazama walivyo wadogo."

"Ni wadogo kwa kuzaliwa."

"Mama, hili tumelisoma."

Akachukua mundu, akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Sasa ninajua kwa nini hakunibishia. Alikuwa ameuza ndizi na maziwa miaka ile yote ili niweze kumwambia, "Tumelisoma." Angenibishia, angekuwa anabisha kitu alichokijenga mwenyewe.

Baada ya wiki mbili nilipata barua yake kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa. Mama alijifunza kusoma kanisani na aliandika kwa herufi kubwa, maneno machache. Alisema wale watatu wamenenepa na kuwa kijani, lakini umande hawana, na usubi unawakanyaga na kupita. Aliuliza afanye nini. Mimi nilisoma neno *wamenenepa* nikafurahi. Nilijibu siku ile ile, kwa kalamu ya ofisi, kwamba umande utakuja wakishapata nguvu, na kwamba awape na wale watatu waliobaki samadi ile ile, wote wawe sawa.

Akanitii. Alikuwa na macho ya kuona kwamba ninakosea, na dalili alikuwa ameniandikia mwenyewe, lakini akanitii kwa sababu ilikuwa barua, na ilitoka kwangu.

Niliporudi nyumbani mwezi wa kumi, sikuhitaji kuambiwa. Toka uani niliona kahawa imekauka mitini, nyeusi, na nyingine imemwagika chini kama mavi ya mbuzi. Majirani walikuwa wameanza kuchuma mkupuo wa pili. Ndani, mama alikuwa ameketi kando ya kitanda na jani la mgomba. Dirishani kulikuwa na vyungu sita vya matope yanayonuka. Baba alikuwa amefumba macho, kope zimevimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni bwana karani huyo?"

"Ni mimi."

"Karibu. Hebu niambie, bwana karani, huko shuleni mlifundishwa kumlisha simba nyasi?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema labda samadi haikuwa imeoza vizuri. Nikasema labda ni baridi ya mwezi wa nane. Nayaandika maneno haya kwa sababu niliyasema, mbele ya mama yangu, mkono wake ukiendelea kupepea. Baba akaacha nimalize.

"Mimi nina wiki tano napepewa," akasema. "Mama yako ana wiki tano hajalala mchana wala kuchuma. Maneno yako hayajaua kisubi hata kimoja."

Nikasema, "Nimekosa, baba. Nitakwenda kuwaleta wengine."

"Unaijua njia?"

Sikuijua. Mtoto wa mpagazi, nilikuwa sijawahi kupita juu ya msitu.

Tukaenda na mama, baba mdogo akabaki kumpepea kaka yake huku akinung'unika kwamba mkono wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Mama alitangulia. Goti lake moja lilikuwa limeanza kumsumbua, akapanda kwa kulivuta kidogo, na bado nilikuwa nyuma yake njia nzima nikihema, viatu vyangu vya mjini vikiteleza kwenye mizizi. Alipita mto wa kwanza na wa pili bila kutafuta mahali pa kukanyaga. Mbega walitutazama kutoka juu. Mahali pamoja aliinua mkono, tukasimama, nikasikia mnyama mkubwa akivunja matawi akienda zake. Mama alingoja kidogo, akaendelea. Nilifikiri: huyu amefanya hivi peke yake, zaidi ya mara moja, na mimi nilimwambia tumelisoma.

Miti ikawa mifupi, kisha ikaisha, ukungu ukafunguka, na uwanda ukawa mbele yetu. Walikuwa wengi, wametapakaa kama vijiti vya moto vilivyomwagwa, kila mmoja amebeba matone yake, na jua la saa sita likipita ndani ya matone yale. Nimeona mambo mengi tangu wakati ule. Sijaona kitu kidogo kilichojitosheleza namna ile.

Mama alipiga magoti, akaingiza vidole. "Tia mkono," akaniambia. "Shika udongo."

Nikashika. Ulikuwa baridi, mwepesi, hauna harufu.

"Unapata nini?"

"Sipati kitu."

"Basi. Hapa hakuna kitu. Ndiyo maana wanawinda. Ukimjazia mtu chakula ghalani, ataamka alfajiri kutega mitego?" Akawachimbua taratibu, na udongo wao. "Wale wako walishiba wakaacha kutega. Halafu mizizi ikaungua. Hawakuzoea."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akinieleza tu, kama ambavyo angenieleza mwezi ule wa nane kama ningemwuliza.

Tuliwapanda jioni ile katika vyungu vilivyosuguliwa kwa mchanga na maji ya mvua. Lakini mmea uliohamishwa hupoteza umande wake, na majani mapya huchukua siku nyingi kuja. Mama aliniambia ni kama wiki tatu. Kahawa isingengoja wiki tatu. Nikaandika barua ofisini kuomba ruhusa. Nilipewa siku chache tu. Nyingine nilijichukulia mwenyewe, na sikuwahi kupandishwa cheo katika ofisi ile.

Siku hizo zote nilimpepea baba. Mama alitoka alfajiri na kapu na kurudi giza likiingia. Mkono hufa ganzi, unabadilisha mwingine, nao unakufa. Ukisimama kidogo kuvuta pumzi, usubi umeshafika kwenye kope. Baba alikuwa ananikagua.

"Kushoto, bwana karani. Kushoto kwangu, si kwako."

"Samahani, baba."

"Mama yako hupepea kama upepo. Wewe unapepea kama mtu anayefukuza kuku."

Siku nyingine alinisimulia mlima, na siku nyingine alinitazama tu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeishi shuleni na mjini miaka mingi kuliko niliyoishi naye. Ni usubi ulioniketisha hapo.

Asubuhi moja aliinua kidevu kuelekea dirishani. Kwenye jani jipya la chungu cha pili, jekundu, dogo kama ukucha, palikuwa na matone. Kisubi kikaja, kikazunguka, kikatua, kikainua mguu mmoja, hakikuweza kuinua wa pili.

"Haya," baba akasema. "Weka hilo jani chini."

"Ni mmoja tu, baba. Wengine bado."

"Weka chini. Nenda kamsaidie mama yako." Kisha, nilipofika mlangoni: "Masale yako pale mpakani. Unajua kazi yake."

Nilijua. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake hukata jani la isale, mmea huo wa mpakani, akalifunga fundo, akampelekea, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nilikwenda mpakani nikakata jani refu, nikalifunga. Nikatembea nalo mpaka karibu na mama. Alikuwa katikati ya mikahawa na wanawake wawili waliokuja kumsaidia, wakicheka jambo fulani, na mmoja wao aliponiona akasema, "Karani amefunguliwa!" Nikaona aibu, mtu mzima wa soksi ndefu kushika jani mbele yao. Nikalitia mfukoni mwa koti.

Mama akanisogezea tawi. "Chuma zilizoiva tu," akasema. "Usivute kwa nguvu, utavunja macho ya mwakani."

Nikachuma mpaka jioni upande wa pili wa mti ule ule, tukiwa tumetenganishwa na majani tu. Baba alilala siku ile mchana kutwa bila mtu kando yake, na akaishi misimu miwili zaidi hivyo hivyo, na dirisha lake na wawindaji wake. Mama alimfuata miaka mingi baadaye. Alinitendea katika miaka hiyo yote kama mtu asiyedai neno lolote, nami nikajipa uhuru wa kutomwomba radhi. Jani lile nililikuta Moshi baada ya kumzika, katika koti la siku ile, limekauka na fundo lake.